Saksafoni Ilinitangulia Bel-Air

Kwanza niwashukuru wote mliofika kwenye kilio changu. Mliketi juani, mlisonga bukari mkala, wengine mlilia machozi ya kweli, na nimeambiwa mzee Salumu alifunga kibanda chake cha viatu kwa ajili yangu, jambo ambalo hakulifanya hata siku alipomwoza binti yake. Tangu nirudi, kila ninayekutana naye barabarani ananishika mkono, anaubonyeza kidogo kuona kama una damu, halafu ananiuliza: ilikuwaje, Ilunga? Nimesimulia mpaka koo limekauka. Sasa nimeandika. Someni, msiniulize tena.

Habari za pasi na mihuri nazipita. Kila mtu anajua mambo hayo yalivyo, na hayajawahi kumfurahisha yeyote.

Bel-Air hadi Kasumbalesa

Mnajua kwamba nilialikwa Dar es Salaam. Kuna watu huko wanaopenda jazi, na mmoja wao aliniona kwenye video fupi iliyokuwa ikizunguka kwenye simu. Wakaniomba niende nikapige nyimbo tatu, mojawapo ile yangu niliyoipa jina la mto wetu, "Naviundu". Nilikubali kabla hawajamaliza kuniuliza.

Niwaambie sababu. Nimepuliza saksafoni ya tenori maisha yangu yote. Nilianza kwa mapadri, kwenye bendi ya matarumbeta ya shule, nikiwa mfupi kuliko chombo chenyewe. Baadaye nikapiga kwenye mabaa ya hoteli mjini, kwenye sherehe za wahandisi wa migodi mpaka kule Kinsevere, kwenye harusi ambako rumba moja inapigwa hadi maharusi wenyewe wanaondoka, na kwenye kanisa moja ambako mchungaji aliniomba kwa upole nipunguze yale mambo ya kuzungukazunguka. Yale mambo ya kuzungukazunguka ndiyo jazi. Ndiyo yaliyoniteka tangu nilipoyasikia kwa mara ya kwanza kwenye kaseti ya fundi mmoja wa mgodini, na sijapona hadi leo.

Na katika miaka yote hiyo sijawahi, nasema sijawahi, kupiga wimbo mmoja Lubumbashi tangu mwanzo hadi mwisho watu wakiwa wamenyamaza. Wanaagiza bia. Wanagombana. Wanaita watoto. Nyumbani, mtaani Bel-Air, ni vilevile: kila alasiri napiga "Naviundu" barazani, na kila alasiri mke wangu, Mama Wivine, anaongea na jirani juu ya ukuta kana kwamba anayepuliza ni upepo. Hasira niliyokuwa nayo juu ya jambo hili ni kubwa kuliko mlivyodhani. Nilikuwa nacheka nanyi, lakini moyoni nilikuwa nahesabu maisha yangu kuwa hasara.

Basi nilijiapiza. Naenda Dar nisikilizwe mara moja tu kabla sijafa. Wakinisikiliza nikaona raha yake, nitaendelea. Ikiwa sivyo, saksafoni itapanda juu ya kabati, nami nitafuga kuku. Nilimwambia Mama Wivine hivyo. Akaniangalia, akasema, "Hata kuku batakukimbia, Baba Wivine," kisha akarudi kutwanga majani ya muhogo ya sombe yake.

Kuna jambo jingine mnalolijua, ila nalitaja kwa faida ya wageni. Kwenye "Naviundu", wimbo ukirudiwa zamu ya tatu, unapanda hadi nota moja ya juu, na pale juu sauti yangu hukwaruza kama mbuzi aliyekanyagwa. Kosa si langu. Saksafoni ina vipande vidogo vya ngozi vinavyoziba matundu yake, na kimoja cha juu kilikwisha zamani. Mzee Salumu, jirani yangu, fundi viatu mwenye asili ya Maniema, ndiye aliyenitengenezea kingine kwa ngozi ya mbuzi. Alifanya kwa upendo, lakini hakizibi. Nimeishi na mkwaruzo huo miaka na miaka, na kila nikiufikia naona aibu upya.

Nilipanda gari la Kasumbalesa na sanduku la saksafoni mapajani. Sanduku hilo haliachani nami. Mama Wivine husema naingia nalo hata chooni, na si uongo. Mpakani malori yalikuwa yamepanga foleni tangu mbali kabisa, madereva wakipika chini ya trela kama watu waliohamia hapo. Ofisa mmoja akanifungulisha sanduku, akataka nithibitishe kwamba ni chombo changu na si bidhaa. Nikampigia "Naviundu" yote. Muda wote alikuwa anaongea na simu. Nilipomaliza alinipungia mkono nipite, simu ikiwa bado sikioni. Nilipita nikisema moyoni: Dar, nakuja.

Zambia, nchi isiyokwisha

Zambia sikuijua kuwa ndefu hivyo. Unalala, unaamka, bado ni Zambia. Kibemba changu kilinisaidia kupata chai na kupoteza mabishano kadhaa. Kupita Serenje, basi likakohoa, likatoa moshi, likasimama katikati ya miti. Dereva alishuka akatazama injini kwa huzuni, kisha akatafuta kivuli akalala. Tulikaa hapo mpaka jua likageuka upande.

Jirani yangu kitini alikuwa mama wa Dar anayeuza vitenge, mtu mcheshi, aliyekuwa amenichukua kama kaka tangu Kapiri. Wanawake wa kijiji cha karibu wakatuletea vyakula vya kuuza, mmoja akiwa na bakuli la viwavi waliokaangwa vizuri, wakavu, wenye chumvi. Nilifurahi kama mtoto. Nikanunua, nikamkaribisha dada yangu. Aliangalia bakuli, akaniangalia mimi, akasogea mpaka ukingo wa kivuli. Tangu hapo hakunisemesha hadi Tunduma. Mimi nilishtuka kuliko yeye, kwa sababu mtu anayekataa viwavi sikuwahi kumwona. Baadaye nilimwona akila pweza kwa raha zake zote, mikono yake minane na vile vifundo vyake, nikasema kimoyomoyo, ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Dar es Salaam

Wenyeji wangu walinipokea vizuri mno. Walinilisha pilau mpaka nikaogopa kuvua mkanda. Kiswahili changu kiliwafurahisha. Kila nikisema "bantu" au "mutoto" walitazamana wakatabasamu, na mmoja aliniuliza kwa heshima kama nilikuwa nasema hivyo kwa makusudi. Nikamwambia ndiyo, tangu kuzaliwa.

Siku moja kabla ya onyesho, mpiga saksafoni mwenzangu wa hapo, kijana mwembamba mwenye vidole virefu, akaomba kukitazama chombo changu. Alikigeuza huku na huku, akafika kwenye kile kipande cha ngozi ya mbuzi, akakigusa kwa ukucha. Akaniuliza kama ile ilitoka kwenye kiatu. Nikasema haikutoka kwenye kiatu, ilitoka kwa mtu wa viatu. Hakucheka, nampa heshima yake kwa hilo. Alikwenda kuleta kipande kipya cha kiwandani, akakibandika, akakipima kwa karatasi nyembamba, akanirudishia.

Nikapuliza. Nota ile ya juu ikatoka safi.

Nilishtuka nikaacha. Miaka yote nilikuwa najua ipo pale, nyuma ya ule mkwaruzo, na sasa imetoka, na siijui. Ilikuwa kama kuingia nyumbani kwako ukakuta mgeni amekaa kwenye kiti chako. Yule kijana alikuwa anatabasamu, akingoja nifurahi, nikajitahidi kufurahi.

Kesho yake nikapanda jukwaani. Nisikilizeni vizuri hapa. Watu wale walikaa kwenye viti, mikono mapajani, nyuso zote zimenielekea, na walinyamaza. Hakuna aliyeagiza kitu. Hakuna aliyecheza. Hakuna aliyekuja kunibandika noti kwenye paji la uso kama tunavyofanya kwetu mwanamuziki akikugusa. Nilianza "Naviundu", na katika ukimya ule nikasikia kila kitu: vifungo vinavyogonga, pumzi yangu, mate yangu ndani ya shaba. Jasho likanitoka. Nilidhani nimewaudhi. Nilifika zamu ya tatu, nikapanda, nota ikatoka safi kama maji ya chupa, na hakuna kilichotokea. Nikashuka, nikamaliza. Wakapiga makofi ya adabu. Mwenyeji wangu akaniambia safi sana mzee, akaniuliza kama nimekula.

Nililia niliporudi chumbani, na sioni aibu kuwaambia. Kitu nilichokitafuta maisha yangu yote nilikuwa nimepewa mkononi, na hakikuwa na ladha. Nikakata shauri palepale. Kuku.

Mpika, kitandani

Homa ilinianza Mbeya. Tunduma nilikuwa natetemeka. Upande wa pili, Nakonde, nilikwenda chooni na sanduku langu kama kawaida, nikainama, na simu ikatoka mfuko wa shati ikaingia shimoni. Nilisikia ilivyotua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sijui namba ya mke wangu. Namba ya mwanamke niliyeishi naye tangu tukiwa vijana ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa ndani ya shimo.

Mpika walinishusha kwenye basi, wakanipeleka hospitali. Malaria, tena ya nguvu. Kwa siku kadhaa sikujua mchana wala usiku. Nilipopata akili, muuguzi mmoja aliniambia kuna Mkongomani nje, dereva wa lori, amesikia kuna mzee wa kwao mwenye sanduku la ajabu. Alikuwa Kambale. Mnamjua: yule mtu wa Kivu ya Kaskazini anayeegesha lori lake karibu na soko la Bel-Air. Alinishika mkono, akaniombea sala ndefu mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakasema amina mara mbili kwa kudhani amemaliza.

Kambale alikuwa njiani kurudi Lubumbashi. Namba ya Mama Wivine naye hakuwa nayo, lakini nyumba aliijua. Nikafikiri sana maneno ya kumtuma. Mama Wivine ana presha, na sikutaka kumtia hofu. Nikayatafuta maneno madogo, laini, nikayapima moja moja, nikajisifu kwa busara yangu. Nikamwambia, "Ubaambie niko mugonjwa kidogo. Nitakuya."

Halafu nikasukuma sanduku kwa mguu likamfikia. Kambale alilitazama, akanitazama.

"Muzee, na sakso?"

"Peleka."

Aliuliza mara ya pili, nikamwambia apeleke. Nilikuwa nimeichoka. Nilitaka niingie nyumbani mikono mitupu, kama mstaafu yeyote, na niikute imeshapanda juu ya kabati. Kambale aliliinua sanduku kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akaondoka.

Kasumbalesa hadi nyumbani kwangu

Niliruhusiwa kutoka hospitali nikiwa mwembamba kama mpini. Njiani nilikula nshima, bukari ya Wazambia, na mboga za karanga kwa mama mmoja karibu na kituo cha basi, aliyenitazama suruali ilivyoning'inia akaniongezea bila kuniuliza. Kasumbalesa malori yalikuwa bado yamepanga foleni, na nadhani yapo hadi sasa. Nikapata gari la kwenda mjini, nikashuka njia panda ya kwetu, nikaita pikipiki.

Yule kijana wa pikipiki hakuniuliza ninakwenda wapi. Alinitazama, mzee aliyekonda, uso umenywea, nguo zina vumbi la safari, akaona yote mwenyewe.

"Papa, unaenda ku kilio?"

Nikamwuliza kilio cha nani.

"Ya ule muzee wa sakso, wa Bel-Air. Alikufia Zambie."

Nikaanza kuwahesabu wapiga saksafoni wa Bel-Air. Nilifika mmoja. Nikahesabu tena, nikamweka na yule kijana wa kanisani anayejifunza, lakini yule si mzee, na Zambia hajawahi kufika. Nikamwuliza aliyemwambia ni nani, akasema mtaa mzima unajua, saksafoni ilirudi bila mwenyewe, mdogo wake marehemu ameshakwenda kuutafuta mwili. Kisha, kwa kuwa ni kijana mwenye adabu, akanipa pole.

Nikasema asante. Nikapanda. Ningefanya nini? Njia ilikuwa ileile.

Mwanzo wa barabara yetu kulikuwa na matawi ya mitende yamechomekwa ardhini, kama tunavyofanya kuwaonyesha wapita njia penye msiba. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka ukuta wangu hadi ukuta wa jirani. Viti vya plastiki vimejaa. Na mbele, juu ya stuli yangu ya barazani, picha yangu: ile ya kadi ya mpiga kura, ambamo ninafanana na mwizi wa nyaya. Chini ya picha, juu ya mkeka, sanduku la saksafoni limelazwa na kufunikwa kitenge cha Mama Wivine. Nilikuwa nimewahi kuona vilio vingi, nimepiga kwenye vingi, lakini kukiona cha kwako ni jambo jingine. Kwa dakika nzima nilijiuliza kama si kweli nilibaki Mpika.

Kwenye kilio

Hakuna aliyegeuka kunitazama, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama Béa.

Béa ni mjukuu wa dada yangu mkubwa, mama mzima anayeuza samaki wakavu sokoni Naviundu, na ana mdomo kama unavyotegemea kwa muuza samaki. Kwetu mjukuu ana haki ambayo mtoto hana. Kwenye kilio cha babu anaweza kuvaa nguo zake, kuiga mwendo wake, kumcheka hadharani, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Hakuna wa kumkataza. Béa alikuwa amevaa koti langu la jukwaani na kofia yangu, na kifuani ameshika mwiko mkubwa wa kusongea bukari, vidole vikicheza juu yake.

Alikuwa anaigiza maisha yangu. Alianza mtoto mfupi aliyeelemewa na saksafoni kwa mapadri, akitembea amepinda mgongo. Akaenda kwenye sherehe za wahandisi, akipuliza huku jicho moja liko kwenye sahani za nyama. Akaenda kanisani, akazungukazunguka mpaka mchungaji wa kuigiza akamfuata akimshika koti. Akaingia chooni na mwiko wake, akachungulia, akatoka nao. Watu walikuwa hoi. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya viti nikiwa na hasira ya kweli: kumbe ndivyo nilivyo? Kumbe haya ndiyo yote niliyoyafanya duniani?

Kisha Béa akakaa kitako pembeni ya picha yangu, namna ninavyokaa mimi kila alasiri, bega moja chini. Akavuta pumzi. Akaanza kuimba "Naviundu" kwa mdomo, bila maneno, ta-ra-ra, kama inavyopigwa.

Na watu wakaingia naye.

Sikuelewa mara moja. Nilidhani nina homa tena. Akina mama waliokuwa kwenye masufuria wakaingia. Wazee kwenye viti wakaingia. Mzee Salumu, ambaye hujitenga na muziki wa kilio, midomo yake ilikuwa inakwenda. Walijua zamu ya kwanza, wakajua ya pili na ile kona ninayoipunguza mwendo, kona ambayo nilidhani ni siri yangu na Mungu. Walijua nota kwa nota. Mama Wivine alikuwa ameketi chini kwenye godoro la wafiwa, kitambaa kimefungwa kichwani, macho yamefumbwa, na yeye pia alikuwa anaimba. Wakaingia zamu ya tatu. Wakapanda. Na walipofika pale juu, wote kwa pamoja, mtaa mzima, walikwaruza kama mbuzi aliyekanyagwa.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kicheko cha watu wanaolia. Nami nililia. Ndugu zangu, nilishtuka Dar, nilishtuka njia panda, lakini mshtuko wa pale nyuma ya viti haukuwa na mfano. Miaka yote hii mlikuwa mnanisikia.

Béa ndiye aliyeniona kwanza. Mwiko ulimwanguka. Watu wakageuka mmoja mmoja, na yaliyofuata mnayajua kuliko mimi kwa sababu nyinyi ndio mliokimbia. Viti vilipinduka. Sufuria moja ya samaki iliharibika kabisa. Mzee Salumu ndiye aliyesogea, akasoma alichosoma kimoyomoyo, akanifinya shavu kwa vidole vyake vya kushonea viatu mpaka nikapiga yowe, akawatangazia kwamba ni mtu.

Mama Wivine hakukimbia wala hakunikumbatia. Aliinuka kwenye godoro taratibu, akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Juu ya nini ulituma sakso peke yake?"

Nikasema nilikuwa naumwa, na nilituma maneno.

"Maneno njo ilikuua," akasema. "Balikuya hapa na sakso, banasema uko mugonjwa kidogo, utakuya. Sasa tusikie kitu kani?"

Wapi nilikuwa na akili? Mimi mtoto wa Katanga, niliyezika wazazi wawili. Nani kwetu anamwambia mtu wazi kwamba mumeo amekufa? Tunamwambia anaumwa kidogo. Tunamwambia atakuja. Tunaangalia chini, tunakataa kiti, na mwenye kusikia anajua. Kambale alikuwa amekwama kwenye foleni ya Kasumbalesa, akampa sanduku dereva mwenziwe, na dereva yule, mtu mwaminifu, alifika mlangoni kwangu akasema maneno yangu kama yalivyo. Aliangalia chini kwa sababu ni mwenye haya. Alikataa kiti kwa sababu alikuwa na haraka. Simu yangu ilipopigwa haikupatikana. Na ushahidi mkubwa kuliko wote ulikuwa umelala mkekani: Ilunga na saksafoni yake hawaachani wakiwa hai.

"Nilijua umekufa," Mama Wivine akaniambia. "Haungeiacha."

Sikumwambia hapo hapo kwamba niliiacha kwa hiari. Nilimwambia baadaye, tukiwa wawili.

Mdogo wangu akapigiwa simu kwamba mwili umejileta wenyewe. Alikuwa Ndola, kwenye chumba cha maiti cha pili, na maneno aliyoyasema siyaandiki. Kisha wazee wakasema haifai watu waliokula kilio waondoke hivihivi. Béa akafunua kile kitenge, akafungua sanduku, akanivalisha koti langu na kofia yangu, akanipa saksafoni.

Nikaiweka chini picha yangu ya mwizi, nikakaa kwenye stuli, nikaanza "Naviundu".

Mkaanza kuongea. Hamkungoja hata mstari wa kwanza uishe. Huyu anataka kujua sufuria italipwa na nani, yule anasimulia alivyoruka ukuta, watoto wanaitwa, Mama Wivine anamweleza jirani namna nilivyokonda. Kelele zilezile. Lakini safari hii nilikuwa nasikiliza, nikaona mwiko wa bukari unakwenda na mwendo wangu, nikaona mguu wa mzee Salumu nao unagonga chini. Moyo wangu ulijaa. Nikaingia zamu ya tatu, nikapanda kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo, na nota ya juu ikatoka safi, nyembamba, kamili, kama ilivyotoka Dar.

Mtaa ukanyamaza.

Mwiko ulisimama. Hakuna aliyeita mtoto. Nilikuwa nimengoja ukimya huo Lubumbashi tangu ujana wangu, nao ulikuwa wa kutisha. Nilitoa mdomo kwenye saksafoni nikawatazama, nanyi mlikuwa mnanitazama namna mnavyomtazama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Haina vile, kambo," Béa akaniambia mimi babu yake.

Akina mama wakatikisa vichwa. Haina vile. Mama Wivine alinisogelea, na kwa mara ya kwanza tangu nifike aliniangalia kwa mashaka, kama mtu asiye na uhakika kwamba aliyerudi ni mume wake. Mzee Salumu aliinuka kwenye kiti, akanyoosha mkono bila kuniomba, akaichukua saksafoni, akaigeuza, akakipata kile kipande kipya, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii inaziba sana," akasema. Akaondoka nayo chini ya kwapa kuelekea kibandani kwake.

Ngozi ya mbuzi alikuwa nayo bado. Alasiri iliyofuata alinirudishia, nikakaa barazani kama kawaida. Mama Wivine alikuwa ukutani na jirani, wanaongea bei ya unga. Nikapita zamu ya kwanza, nikapita ya pili, nikaipunguza ile kona. Nilipofika pale juu sauti ikakwaruza vibaya sana, na Mama Wivine akaendelea kuongea.